Funguo za stoo anazo nani?

Vile vidonge vilikuwa vimeeksipaya zamani. Niliviona kwa tochi ya simu maana balbu ya stoo iliungua na hakuna aliyekumbuka kubadilisha, katoni zenyewe ziko chini kabisa zimekaliwa na mabunda ya blanketi, nikapangusa vumbi kwa kiganja, nikasoma tarehe, nikasoma tena, nikamwita stoo kipa.

"Dada, hivi hii umeiona?"

Akaja, akainama, akasoma. Akacheka kicheko cha mtu aliyechoka. "We andika tu kaka."

Nikaandika. Vidonge vya kutibu maji, katoni nne, muda umepita miaka miwili na ushee.

Nilikuwa nimepata kibarua cha siku mbili, kuhesabu mzigo. Stoo ni ya shirika moja hapa Mtwara mjini, silitaji, na wewe unayelijua kaa nalo hivyo hivyo. Ndani kuna vitu vya maafa: turubai, ndoo, madumu, vyandarua, mikeka, masufuria, sabuni. Vimewekwa pale tayari tayari, ili siku upepo ukija au mto ukijaa watu wasianze kusubiri lori kutoka Dar. Wazo zuri, nani atapinga.

Siku ya pili jioni tunafunga mlango, mlinzi akauliza, tena kwa upole tu, kama mtu anayeulizia saa: "Sasa wanangu, hicho kitu kikija usiku, hapa anafungua nani?"

Stoo kipa akasema funguo anazo bosi. Bosi yuko wapi? Dodoma, semina. Funguo za akiba? Zipo ofisini, kwenye droo. Na ufunguo wa ofisi?

Anao bosi.

Tulicheka wote watatu. Leo wiki ya saba, na swali la yule mzee bado linanitembelea usiku kama mbu.

Barabara yenyewe moja

Mtu wa kusini simwelezi habari ya kimbunga Hidaya. Mei 4, 2024. Sisi huku tulihangaika na mvua, lakini kilichotuumiza zaidi hakikuwa juu ya paa zetu, kilikuwa Kilwa, pale Somanga, maji yalipokula barabara na kubeba makalvati, na ghafla Dar ikawa ng'ambo. Binamu yangu ni kondakta wa basi, alilala pale na abiria wake, anasema malori yalijipanga mpaka huoni mwisho, kuna la saruji, kuna la soda, kuna moja la vifaranga ambalo hataki hata kulisimulia. Njia iliyobaki ni kuzunguka, ushuke Iringa, Njombe, Songea, Tunduru, Masasi, ndo utokeze huku. Safari ya kutwa inageuka siku mbili na mafuta mara mbili.

Ndo maana nilikuwa na msimamo mkali sana. Kwenye grupu letu la WhatsApp la mtaa nilishawahi kuandika aya nzima, kwamba stoo ya Dar sio stoo yetu, mzigo ukae huku huku kabla ya masika hayajaanza kuchezea barabara, basi. Watu wakaweka vidole gumba. Nikajiona mtaalamu.

Na duniani ndivyo wanavyofanya, sikubuni mimi. Umoja wa Mataifa una mtandao wa maghala ya dharura unaosimamiwa na Shirika la Mpango wa Chakula, la Brindisi kule Italia lilianza mwaka 2000, mengine yako Dubai, Accra, Panama, Las Palmas na Malaysia. Mashirika tofauti yanaweka mzigo wao humo, likiishiwa moja linaazima kwa jingine, na lengo ni ndege ipakiwe ndani ya siku moja mpaka mbili tangu ombi liingie. Kinachonifurahisha ni kule kuazimana, kama majirani wa uswahilini na chumvi.

Lakini Dubai ni Dubai. Ndege ikishatua Dar, bado kuna Somanga.

Maghala yanayolala

Nimewahi kuwa karani wa chama cha msingi, misimu mitatu ya korosho, kwa hiyo mi ghala nalijua kwa harufu. Na hapa kuna kitu nilikiona nikadhani nimegundua dhahabu.

Msimu wa vimbunga huku kwetu kwenye Bahari ya Hindi unaanza Novemba mpaka Aprili, na Hidaya alituonyesha kwamba hata Mei si salama. Korosho inaanza kuingia maghalani Oktoba, minada inapiga Novemba, Desemba, mpaka Januari hivi. Ikifika Machi, Aprili, yale maghala makubwa ya Mtwara, Masasi, Newala, Nachingwea, yanabaki na popo na mlinzi. Sasa angalia tarehe. Kimbunga cha Lindi, kile wazee wanachokisimulia, Aprili 1952. Kenneth, Aprili 2019. Hidaya, Mei 2024.

Yaani maghala yetu yanakuwa matupu wakati ule ule bahari inapochafuka!

Nikasema kumbe suluhisho tunalo, hatuhitaji hata kujenga, korosho ikitoka turubai ziingie, ziteremshwe Februari zirudishwe Juni, wenye ghala wapate kodi ya miezi ambayo hawapati kitu, mabebaji wapate kazi. Nilimwelezea stoo kipa siku ile ile tukiwa tumekaa juu ya mabunda ya blanketi tunakunywa soda. Akanisikiliza mpaka mwisho. Afu akauliza, "Na Njinjo?"

Nikanyamaza.

Njinjo ni Kilwa, ndani huko, mbali na bahari. Januari 2020 mto Matandu ulijaa ukafunika vijiji, watu wakapanda juu ya mapaa na kwenye miti, wengine waliokolewa kwa helikopta. Hakuna kimbunga chenye jina, ni mvua tu iliyonyesha juu huko na mto ukaleta. Na Januari maghala hayajaisha korosho. Na hata yangekuwa matupu, ghala la Lindi mjini lingewasaidia nini watu wa Njinjo wakati njia ya kuingilia ndo imekuwa mto?

Nadharia yangu ikapasuka kama dumu lililoachwa juani.

Ndo nikaanza kuelewa kwa nini watu wa kazi hii hawalali. Ukiweka mzigo karibu sana na hatari, maji yanaubeba pamoja na waliowekewa. Ukiuweka mbali, barabara inakatika. Ukiweka sehemu moja umekisia, ukigawanya sehemu kumi kila sehemu inakuwa na vitu vya familia kumi na tano, wakija mia mbili utawapa nini, na nani atalinda stoo kumi. Mji kama Masasi uko juu, uko njia panda, unafika Nachingwea, Newala, Tunduru, mi sa hivi ningeanzia hapo. Lakini ukiwa Masasi, mtu wa Msimbati, kule pwani, akizingirwa na maji unamfikiaje?

(Na sisi watu wa huku tuna historia na vitu vilivyotangulizwa. Mwingereza alikuja 1947 na mpango wa karanga, akajenga bandari hapa Mtwara na reli mpaka Nachingwea, kila kitu kikasubiri karanga. Karanga zikakataa. Reli ikang'olewa miaka ya sitini. Bandari angalau tumebaki nayo.)

Akiba inaoza, jamani

Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakuwahi kutunza stoo chini ya bati la Mtwara mwezi wa pili.

Akiba inaoza. Turubai likipigwa joto miaka mitatu linaanza kukatika pale pale ulipolikunja. Sabuni inatoka jasho. Panya hawali ndoo lakini wanakula kamba na wanazaliana ndani ya mikeka. Chumvi ya baharini inakula vipini vya ndoo, niliokota kimoja kikabaki mkononi. Na vile vidonge ndo kama nilivyosema.

Vile ndo vimeniuma kuliko vyote, ngoja nieleze kwa nini. Vipimo vya kimataifa vinavyotumika kwenye maafa vinasema mtu mmoja anahitaji kama lita 15 za maji kwa siku, kunywa, kupika na kuoga. Chukua familia 300, watu watano watano, ni watu 1,500, ni lita 22,500 kila siku. Boza la lita elfu kumi litakwenda mara mbili na kitu, kila siku, kwenye barabara ambayo tumeshasema haipo. Sasa kidonge kimoja cha kawaida cha miligramu 67 kinatibu lita 20 kama maji sio ya tope. Ukipiga hesabu ni vidonge 1,125 kwa siku, wiki nzima hata elfu nane havifiki, na hivyo vinafungwa nyuma ya bodaboda moja vikafika. Bodaboda badala ya boza kumi na sita! Hakuna kitu kwenye ile stoo kilichokuwa chepesi na chenye thamani kama zile katoni nne, na ndizo zilizokaliwa na blanketi mpaka zikafa.

Turubai nalo lina hesabu yake. La kawaida la misaada ni mita nne kwa sita. Vipimo vinataka mtu apate kama mita tatu na nusu za mraba chini ya paa, kwa hiyo turubai moja ukilitandaza juu ni familia ya watu sita, karibu saba. Lakini juu tu, pembeni upepo unapita, ndo maana wanatoa mawili kwa kila familia. Mtu akikwambia stoo ina turubai mia mbili usiseme familia mia mbili. Mi nilikuwa nasema.

Dawa ya kuoza ipo. Vitu vizunguke, kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka, vidonge vikibakiza miezi sita vipelekwe zahanati vikatumike viletwe vingine. Au ukubaliane na mwenye duka la jumla, yeye anauza sabuni na ndoo zake kila siku lakini mkataba unasema asishuke chini ya idadi fulani, na siku ya tatizo ile idadi ni yenu kwa bei ya kabla ya tatizo. Unamlipa kidogo kwa kukushikia. Kwa njia hiyo mzigo hauzeeki, kwa sababu unauzwa.

Nilimwambia hivyo stoo kipa, akasema wazo hilo lilishapelekwa juu.

Juu wapi? Hajui, juu tu.

Siku ambayo upepo haukuja

Sasa nirudi kwenye funguo, maana mwanzoni nilidhani tatizo ni bosi. Nilimkasirikia mtu ambaye sijawahi kumwona. Wiki mbili nzima kichwani mwangu alikuwa ni mzembe aliyeko Dodoma anakula kuku wa semina.

Afu nikakumbuka Aprili 25, 2019.

Kwa aliyekuwepo Mtwara siku ile. Kimbunga Idai kilikuwa kimeshaipiga Beira, Msumbiji, mwezi Machi, tumeona picha, tunajua sio utani. Mamlaka ya Hali ya Hewa imetangaza, watu wa pwani na mabondeni wanaambiwa wahame, maduka yamefungwa, mji kimya kama sikukuu ambayo hakuna aliyepika. Mimi na mama tumefunga nguo kwenye salfeti, vyeti kwenye nailoni, tumekaa sebuleni. Mama anauliza kila baada ya dakika kumi, "Kimefika wapi?" kama anauliza basi.

Kenneth akashuka chini. Akapiga Cabo Delgado, kaskazini ya mji wa Pemba wa Msumbiji, jioni ile ile, akaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba za watu ambao tunaongea nao lugha moja ng'ambo ya Ruvuma. Wiki sita tu baada ya Idai, nchi ile ile, misaada bado inamiminwa Beira.

Sisi huku tukafungua salfeti tukarudisha nguo kabatini.

Na unakumbuka wiki iliyofuata ilikuwaje? Utani. Watu wa hali ya hewa walitaniwa vijiweni na kwenye simu, tumehamishwa bure, tumefungiwa biashara bure. Mimi mwenyewe nilitania. Kimbunga kilichotukosa kwa umbali wa kitu kama mpaka na mkoa mmoja, tukakiita uongo.

Sasa jiweke kwenye kiti cha bosi. Utabiri umekuja, zimebaki siku mbili. Ukifungua stoo, ukakodi malori, ukapeleka turubai na ndoo shule ambazo watu watakimbilia, afu upepo ukageuka, unarudi na lori la mafuta yaliyoungua, ndoo thelathini hazionekani, na mwezi wa saba mkaguzi anakaa mbele yako anauliza kwa sauti ya taratibu, "Mlitumia hizi kwa maafa yapi?" Hakuna maafa. Inakuwa hoja ya ukaguzi yenye jina lako.

Usipofungua na upepo ukaja, umekuja tu kama ulivyokuja kwa kila mtu. Nani atakulaumu, ni kazi ya Mungu.

Kwa hiyo akili yake inamwambia subiri. Mi ningesubiri pia.

Hapo ndo hasira yangu ikahama kwa bosi ikakosa pa kwenda. Tumetanguliza mzigo, tumetumia hela, tumekodi stoo, tumeweka mlinzi, lakini ruhusa tumeiacha nyuma. Ruhusa iko Dodoma, na yenyewe itapita Somanga kama kila kitu kingine.

Ruhusa nayo ni mzigo

Nikaanza kusoma usiku. Kumbe kuna watu waliliona hili zamani. Shirikisho la Kimataifa la Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu lina mfuko wa dharura tangu 1985, na mwaka 2018 wakafungua dirisha jipya ndani ya mfuko huo: hela zinatoka kwa utabiri, hazisubiri janga. Wanakaa chini wakati wa jua, wanaandika kwamba utabiri ukisema upepo wa nguvu kiasi fulani utafika eneo fulani ndani ya siku kadhaa, tutafanya moja, mbili, tatu, na hela ni hii. Siku namba ikifika hakuna kikao. Na katika maandishi hayo hayo wanakubali kabisa kwamba mara nyingine upepo utageuka, na hiyo haitaitwa hasara ya mtu yeyote.

Nilisoma hiyo sentensi nikainuka kwenda kunywa maji.

Kwa sababu ndo kitu kilichokosekana pale. Wala sio ufunguo, ufunguo unachongwa sokoni. Kilichokosekana ni karatasi inayosema, fungua, na ukifungua bure tutakuwa na wewe. Kwenye korosho tunajua hili, mzigo wa mkulima hautoki ghalani bila hati, na mwenye hati hahitaji kumjua mtunza ghala wala kumbembeleza, anaonyesha, anapakia. Hati ndo inayofungua mlango.

Kuna mfano mwingine nimeupenda, Nepal. Pale uwanja wa ndege wa Kathmandu walifungua eneo la kupokelea misaada Machi 2015, na tetemeko likapiga Aprili 25. Mwezi mmoja! Na walichotanguliza zaidi ilikuwa nafasi yenyewe, uwanja uliotengenezwa, mahema ya kuhifadhia mzigo, na watu wanaojua nani anapokea nini. Mzigo ulipoanza kushuka haukukuta watu wanaulizana pa kuuweka.

Nchini kwetu sheria ipo, ile ya usimamizi wa maafa ya 2022, na kamati zinaanzia taifa mpaka kijijini na mtaani. Nilimuuliza mwenyekiti wetu wa mtaa kama kamati yetu ina watu gani. Akasema wapo. Nikamwomba majina, akasema niende Jumatatu. Jumatatu alikuwa msibani. Sina neno, msiba ni msiba.

Mashaka yangu bado yapo, nisijifanye nimemaliza. Ukimpa mtu wa chini ruhusa ya kufungua, kuna siku mtu wa chini atafungua kwa ajili ya mjomba wake. Najua, nimekuwa karani. Ukiandika namba kali sana hutafungua kamwe, ukiandika laini utafungua kila mvua na watu watazoea kupewa ndoo kila Machi. Na Njinjo haikuwa na upepo wa kupima, ilikuwa na mto, nani anausoma huo mto usiku na anampigia nani? Haya yote sijayapatia jibu.

Karatasi

Juzi nilipita pale stoo, si kwa kazi, nilikuwa naenda Shangani nikakata kona. Mlinzi yupo, amekaa kwenye kiti chake cha plastiki kilichoshonwa na waya. Shikamoo mzee. Marahaba mwanangu. Nikamuuliza, ikitokea usiku, atafanyaje.

"Nikivunja kufuli na upepo usije, nafukuzwa kazi. Nisipovunja na upepo ukaja, nafukuzwa na watu." Akanyoosha miguu. "Bora nipigiwe simu na mtu mwenye jina."

Nikamwambia si wamweke kwenye orodha. Akasema mambo yamebadilika tangu tuhesabu, ripoti imefika, bosi mwenyewe alikuja. Vidonge vibovu vimeondolewa. Balbu imewekwa. Na kuna karatasi ya dharura imechapwa, majina matatu na namba tatu za simu, yeyote kati ya hao akiamua inafunguliwa, imewekwa na nailoni isilowe. Mmoja wa wale watatu ameshahamishiwa Tabora lakini wawili wapo.

Kiukweli nilifurahi. Nikamwambia mzee nionyeshe basi niione, nipige picha niwawekee wasomaji wangu.

Akanitazama kidogo.

"Haionekani hapa. Wameibandika kwa ndani."